Bei ya unga ikipanda, nani anakosa samaki?



Tangu tulipoingia katika trimestri hii ya pili, maneno yamekuwa mingi katika internati. Mbele tulikula samaki mara tatu kwa juma. Sasa ni mara moja, siku ya Mungu tu. Siku zingine ni bukari na sombe, bukari na lengalenga, ao bukari na maharagi. Unga wenyewe haukupunguka. Sahani inajaa sawa na zamani. Ni samaki ndiye aliyetoroka. Basi wengine wanasema ekonome amekula feza. Wengine wanasema wapishi wanabeba samaki kwao usiku. Na juma lililopita mmoja alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini: «Kapita, tunafanya mgomo ao hapana?»

Mimi ni kapita wa shule. Kazi yangu ni kupeleka maneno yenu kwa wakubwa, na kuleta maneno ya wakubwa kwenu. Lakini mara hii naomba nafasi katika gazeti ili nitoe wazo langu mwenyewe. Tena niko katika humanité ya nne, seksio ya biashara, na jambo hili ni somo letu kabisa: namna bei inavyogeuza ununuzi wa watu.

Wazo langu ni hili, nalitia mbele ili asiyependa kusoma yote alipate: bei ya kitu cha lazima ikipanda, watu hawapunguzi kile kitu, wanapunguza vitu vingine. Kwa hiyo ukitaka kujua ubaya wa bei ya unga, usitazame unga. Tazama samaki, tazama sabuni, tazama benchi za darasa.

1. Somo linasema nini

Katika darasa tulifundishwa sheria ya uombaji, ile Wafaransa wanaita «loi de la demande». Inasema: vitu vingine vyote vikikaa sawa, bei ya kitu ikipanda, watu wananunua kidogo, bei ikishuka, watu wananunua zaidi. Sababu ziko mbili. Ya kwanza, mtu anageukia kitu kingine cha kufanana ambacho bei yake haikupanda. Ya pili, feza iliyo katika mfuko wake, hata kama haikupunguka, sasa inanunua vitu kidogo. Ni kama amekuwa maskini kidogo bila kuibiwa.

Mfano uko karibu na mlango wa shule. Tuseme mama anayeuzisha vitumbua alikuwa anauzisha 200 kila asubuhi, kimoja franka 100. Anapata franka 20.000. Sasa anapandisha bei mpaka franka 150. Wanafunzi wanafanya nini? Wanakimbilia karanga, muhindi wa kuchoma, na miwa. Tuseme anauzisha 80 tu. Anapata franka 12.000. Bei imepanda 50 kwa mia, lakini ununuzi umeshuka 60 kwa mia, na mama amepoteza. Kupandisha bei si sikuzote kupata faida.

Sasa tukamate chumvi. Bei ya chumvi ipande vilevile 50 kwa mia. Nani kati yetu atakula sombe bila chumvi? Hakuna. Mama nyumbani atanung’unika, kiisha atalipa. Ununuzi wa chumvi utabaki karibu sawa na mbele. Basi kitumbua na chumvi, bei imepanda kwa kipimo kimoja, lakini watu hawakufanya mamoja.

Tofauti hii mwalimu anaiita elastisite. Mtu aliyeipa nafasi kubwa katika masomo ya uchumi ni Mwingereza Alfred Marshall, katika kitabu alichotoa mwaka 1890. Fikiri mpira wa kufungia mizigo kwenye kinga: mwingine ukiuvuta kidogo tu unarefuka sana, mwingine unavuta kwa nguvu zote na haurefuki. Ununuzi wa watu ni vile. Kitumbua ni mpira laini. Chumvi ni mpira mgumu.

Ni nini inayofanya mpira kuwa laini ao mgumu? Mambo manne. Kwanza, kama kuko kitu kingine cha kukifuata mahali pake. Pili, kama kitu ni cha lazima ao ni cha raha. Tatu, kama kinakula sehemu kubwa ya feza yako. Bei ya kiberiti ikizidi mara mbili hauioni, lakini kodi ya nyumba ikizidi kidogo tu unahama. Nne, wakati. Makala ikipanda leo, leo utanunua tu, maana chakula kinapaswa kuiva. Lakini ikibaki juu kwa miezi mingi, utatafuta mbabula inayokula makala kidogo, ao utajifunza kuloweka maharagi usiku ili yaive haraka.

Mpaka hapa ni somo. Nani anayelijua vizuri atapata pointi katika mtihani wa Serikali. Lakini jikoni kuna jambo ambalo mchoro wa ubaoni hauonyeshi.

2. Unga wetu na njia ya Kasumbalesa

Huku kwetu Haut-Katanga bukari ya mahindi ni mpira mgumu. Kwa nini? Mambo haya yana historia. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa inapa wafanyakazi wake posho ya unga wa mahindi. Unga mwingi ulitoka ng’ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Gécamines nayo iliendelea na desturi ya kupa wafanyakazi unga. Mababu wakazoea, watoto wakazaliwa katika mazoea yale. Leo ukimpa mtu wa Lubumbashi mchele na nyama na viazi, atakula vyote, kiisha atauliza: «Na chakula iko wapi?»

Lakini mashamba yetu hayatoshi kulisha miji yetu. Mahindi mengi na unga mwingi unaingia kupitia Kasumbalesa. Zambia ikivuna vizuri na kuacha njia wazi, sisi tunapumua. Zambia ikipata shida ao ikifunga mauzo ya nje ili ilishe kwanza watu wake, bei inapanda huku mara moja. Mwaka 2024 tuliona. Tarehe 29 Februari Rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Mavuno ya mahindi ya mwaka ule yalikuwa karibu tani milioni 1,5, wakati mwaka uliotangulia yalipita tani milioni 3. Kiisha mvua ikarudi, na mwaka 2025 Zambia ilivuna zaidi ya tani milioni 3,5. Mvua inanyesha ao hainyeshi katika nchi ya wengine, na sahani yetu inabadilika.

Tena kuna majira. Kwetu tunapanda mahindi mwezi wa 11 na wa 12, mvua ikiisha kushika, na tunavuna mwezi wa 4 mpaka wa 6. Kwa hiyo miezi ya 1, ya 2 na ya 3 ghala ziko tupu na bei iko juu. Angalieni kalenda ya shule: ndiyo trimestri ya pili hii. Samaki hakutoroka kwa bahati mbaya. Alitoroka katika miezi ambayo unga una nguvu kuliko yote.

3. Hesabu ya nyumba moja

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Ni mfano tu, hesabu za kujifunzia. Kila mmoja anaweza kuandika za kwao.

Tuseme jamaa fulani iko na franka 200.000 za kutumia kwa mwezi. Inagawa hivi: unga 80.000, mboga, ndiyo kusema samaki, sombe na mafuta ya ngazi, 60.000, makala na sabuni 30.000, shule ya watoto 30.000. Jumla 200.000. Hakuna kinachobaki.

Sasa bei ya unga inapanda 50 kwa mia. Watu wa nyumba ni walewale, tumbo ni zilezile. Mama hapunguzi unga. Kwa unga uleule analipa sasa 120.000. Inabaki 80.000 kwa mambo yote mengine, wakati mbele ilikuwa 120.000. Atafanya je? Anapunguza mboga mpaka 35.000. Makala na sabuni 25.000. Shule 20.000. Jumla imefika tena 200.000.

Someni tena hesabu ile polepole. Ununuzi wa unga haukushuka hata kidogo. Bei ya samaki haikupanda hata franka moja, na bado samaki ndiye aliyeachwa. Mama anayeuzisha tomsoni sokoni anashangaa: «Mie sikupandisha bei, wateja wangu wamekwenda wapi?» Hawakwenda popote, mama. Wako kwa muuzishaji wa unga, wanalipa.

Ndiyo maana nasema mchoro wa ubaoni unaficha jambo. Unachora kitu kimoja: unga na bei ya unga. Lakini katika nyumba hakuna kitu kinachokaa peke yake. Vitu vyote vinaishi katika mfuko mmoja. Ukisukuma upande huu, upande ule unajikunja.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Marshall katika kitabu chake alitaja wazo alilolihesabu kuwa la Robert Giffen: kwa watu maskini sana, bei ya mkate ikipanda, wanaweza kununua mkate zaidi, si kidogo. Namna gani? Kwa sababu walikuwa wanakula mkate mwingi na nyama kidogo. Mkate umepanda, feza ya nyama imekwisha. Sasa tumbo lililokuwa linajazwa na nyama kidogo linapaswa kujazwa na nini? Na mkate uleule, maana hata ukipanda, bado ni rahisi kuliko nyama. Kwa miaka mingi wenye elimu walibishana kama jambo hili linatokea kweli ao ni hadisi ya vitabu. Mwaka 2008 Wamarekani wawili, Robert Jensen na Nolan Miller, walitoa uchunguzi walioufanya katika China. Katika jimbo la Hunan walisaidia jamaa maskini kununua mchele kwa bei nafuu. Kumbe jamaa nyingi zilinunua mchele kidogo kuliko mbele, na msaada ulipokwisha, ununuzi wa mchele ukapanda. Bei ya chakula kikuu ilishuka, nao wakapata nafasi ya kula kitu kingine.

Sisemi kwamba internati yetu imefika pale. Lakini nani hakuona kwamba siku ya sombe bila samaki, watu wengi wanaomba kuongezwa bukari? Mpishi analijua jambo hili bila kusoma Marshall.

4. Nani anakosa

Sasa tufike kwenye jambo linalonichoma moyo. Samaki ni kitu, tunaweza kumkosa trimestri moja na tusife. Lakini katika ile hesabu kulikuwa mstari wa mwisho: shule, kutoka 30.000 mpaka 20.000.

Tangu mwaka 2019 Serikali ilitangaza shule za msingi za Serikali kuwa bila malipo, na wadogo zetu wengi wamepata faida. Lakini sisi wa sekondari wazazi wetu bado wanalipa. Na malipo ya shule ni mpira laini kuliko tunavyofikiri. Si kwa sababu wazazi hawapendi masomo. Ni kwa sababu tumbo linadai leo, na shule inakubali kungoja mpaka kesho. Mzazi anasema: «Mutoto, ngojea kwanza, tutalipa mwezi unaokuja.» Mwezi unaokuja unga bado uko juu. Kiisha mwanafunzi anarudishwa nyumbani kutafuta feza. Siku mbili, siku tano, majuma matatu. Mwalimu anaandika «absent» katika kaye ya majina. Hakuna mahali pa kuandika «bei ya mahindi».

Tazameni katika darasa zenu. Benchi gani zina nafasi mwezi wa 2 na wa 3 ambazo mwezi wa 9 zilijaa? Na katika nyumba yenye watoto wawili wa sekondari, kaka na dada, feza ikitosha kwa mmoja tu, nani anabaki nyumbani? Wadada wanaosoma gazeti hili wanajua jibu, sina haja ya kuliandika.

Kwa hiyo bei ya unga haipunguzi unga. Inapunguza kwanza kile ambacho hakiwezi kupiga kelele. Samaki hapigi kelele. Sabuni haipigi kelele. Msichana anayeambiwa «ngojea» mara nyingi naye hapigi kelele. Sisi wa internati, ambao bado tunakula mara mbili kwa siku na kulala chini ya bati, ndio tunapiga kelele nyingi. Tufikiri mbele ya kusema neno mgomo.

5. «Basi waweke bei moja!»

Wengine katika darasa waliniambia: «Jambo ni rahisi. Wakubwa waweke bei. Unga usipite kiasi fulani. Na mama wa vitumbua alazimishwe kuuzisha franka 100 sawa na zamani.» Wazo hili ni tamu. Lakini nchi yetu ililionja.

Wakati wa Zaire Serikali iliweka bei za vitu vingi. Kiisha ile «zairianisation» iliyotangazwa tarehe 30 Novemba 1973 ikapokonya wafanya biashara wageni maduka yao, na vitu vikakosekana. Wazazi wetu waliosoma wakati ule wanakumbuka: bei iliandikwa kwenye ubao wa duka, lakini kitu hakikuwa dukani. Kilikuwa nyuma ya nyumba, kwa bei nyingine. Mwezi wa Septemba 1983 Serikali yenyewe ililegeza bei na thamani ya zaire ikaangushwa sana. Kiisha feza nayo ikaharibika: mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire za zamani milioni 3, na mwaka 1998 franka moja ikachukua mahali pa zaire mpya 100.000. Hakuna amri ya bei iliyozuia mambo yale.

Tena amri ya bei inafundisha hila. Ukikataza bei kupanda, kipimo kinashuka. Sokoni tunanunua unga kwa meka. Nani hajaona meka iliyogongwa chini mpaka tumbo lake likaingia ndani? Bei ni ileile, unga umepunguka. Mkate nao, bei moja, lakini ukiufinya mkononi ni upepo. Huu nao ni upandaji wa bei, ila umevaa nguo nyingine. Nabii Amosi alikemea wafanya biashara wa wakati wake kwa jambo hilihili la kupunguza kipimo. Basi si hila ya jana. Mama wa vitumbua tukimlazimisha franka 100, ao atafanya kitumbua cha ukubwa wa kidole, ao atahamia mlango wa shule nyingine. Naye ananunua unga wa ngano, sukari, mafuta na makala. Mama wa soko si adui wa mnunuzi. Jioni akifunga meza yake, yeye naye ni mnunuzi.

Sisemi kwamba wakubwa wasifanye kitu. Wachunguze vipimo, hiyo ni kazi yao. Watengeneze barabara za mashamba, maana mahindi yanayooza Kasenga ao Mitwaba kwa kukosa gari hayashushi bei Lubumbashi. Lakini amri peke yake haioti kama muhindi.

6. Tufanye nini hapa shuleni

Nawaambia wanafunzi kwanza. Acheni neno la wizi mpaka muwe na ushahidi. Nimeeleza kwamba samaki anaweza kutoroka hata kama ekonome ni mwaminifu kabisa na wapishi hawabebi hata mfupa. Feza ya internati ni mfuko mmoja, na wazazi waliilipa mwezi wa 9 kwa bei za mwezi wa 9. Mgomo hautaongeza tani moja ya mahindi. Utapoteza masomo, na finalisti wa mwaka huu hatuna siku za kupoteza.

Kiisha naomba ruhusa kusema na Bwana Prefe, ekonome na waheshimiwa walimu, kwa heshima yote. Kunyamaza kunazaa maneno. Mwanafunzi akiona sahani imebadilika na hakuna aliyemweleza, atajieleza mwenyewe, na maelezo yake yatakuwa mabaya. Kwa hiyo nina maombi manne.

La kwanza, hesabu ya jikoni itundikwe kila Siku ya Posho kwenye ubao: unga kiasi gani na kwa bei gani, samaki, mafuta, makala. Seksio ya biashara tuko tayari kwenda sokoni kila juma kuandika bei na kupima meka kwa kilo. Itakuwa kazi ya darasa, na haitalipwa kitu.

La pili, mahindi yanunuliwe wakati wa mavuno, mwezi wa 5 na wa 6, si mwezi wa 2. Najua pingamizi. Wakati ule feza ya mwaka imekwisha, na wadudu wanakula ghala. Juu ya feza, wazazi wenye mashamba wangeweza kulipa sehemu ya internati kwa magunia ya mahindi yaliyokauka. Juu ya wadudu, mahindi yakaushwe vizuri, yawekwe katika mapipa yanayofungwa bila hewa kuingia, juu ya mbao, mbali na ukuta. Tena kuna hatari nyingine, niseme kweli: kuna mwaka mavuno ya Zambia yanakuwa makubwa na bei haipandi, na aliyeweka ghala anakosa faida. Kwa hiyo tusinunue yote. Tununue yanayotosha trimestri ya pili tu.

La tatu, tufanye mpira wetu kuwa laini. Kama bukari ya mahindi peke yake inatushika shingo, tuchanganye na muhogo mwezi wa 1 mpaka wa 3, kama wazazi wetu wa vijijini wanavyofanya. Najua wengine watakunja uso. Lakini kuwa na kitu cha pili ndiyo nguvu ya mnunuzi. Asiye nacho analipa anachoambiwa. Na lile shamba nyuma ya nyumba za walimu, ambalo leo linaotesha majani ya kupiga panga siku ya adhabu, lioteshe maharagi na muhogo. Maharagi ni mwenzake wa samaki katika kujenga mwili.

La nne, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Malipo ya shule yafuate majira. Wazazi wanaoweza waombwe kulipa zaidi baada ya mavuno na mwanzo wa mwaka, na miezi ya 2 na ya 3 wasifukuziwe watoto darasani kwa sababu ya deni ambalo baba ameliandikia ahadi. Shule inahitaji feza, walimu wanahitaji kula, najua. Mwalimu naye ana meka yake ya unga ya kununua. Lakini mwanafunzi aliyefukuzwa mwezi wa 2 mara nyingi harudi kulipa mwezi wa 5. Anabaki sokoni kusukuma mkokoteni, na shule imepoteza feza na mtu pamoja. Aliyeachwa kukaa benchini, wazazi wake watajikaza kulipa.

Ndugu zangu, trimestri hii tutaendelea kula sombe. Usiku tutalalamika kidogo, hiyo ni haki yetu. Lakini nani akitaka mgomo, aje kwanza kwangu na kalamu, anionyeshe katika hesabu mahali pa kumtoa samaki bila kumtoa mwenzake mmoja darasani. Akipapata, nitakwenda naye kwa ekonome mimi mwenyewe. Na maombi haya manne nimeisha kuyaandika katika barua. Mwenye kuyakubali aje kutia jina lake mbele ya Siku ya Posho, baada ya masomo ya jioni.

Kapita wa shule
Humanité ya nne, seksio ya biashara